Sadaka ya Vita Kwisha

Sili ukoko. Wanangu wanadhani ni maringo ya uzee, na shemeji yangu aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba Mzaramo asiyekula ukoko achunguzwe vizuri, huenda ni wa kuazima. Nacheka nao. Lakini wali ukishika chini ya sufuria na ile harufu ikapanda, natoka jikoni naenda kusimama uani mpaka ipite. Juzi jirani aliunguza sufuria nzima kwa sababu ya simu, moshi ukanifuata hadi chumbani, nikajikuta nimekaa kitandani nalia, mtu mzima mwenye mvi. Nikaona afadhali niieleze habari yenyewe, hasa kwenu wenzangu wa rika langu, mliokulia Kariakoo nyumba zikiwa bado za chini na jua likifika mpaka uani.

Nililelewa na babu na bibi, wazazi wa mama yangu, kwenye nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani bomba moja la kugombaniwa na wapangaji. Babu alikuwa na meza ya viungo sokoni. Jioni alirudi ananukia mdalasini na bizari, hata aoge namna gani, na mimi nilimpokea kofia yake nikaivaa ili na mimi ninukie hivyo hivyo. Aliniita "mke wangu", kama mababu wanavyotania wajukuu wao, na Bibi naye kwa upande wake aliniita mke mwenza.

"Mke mwenzangu," alikuwa akisema kutoka jikoni, "mpelekee mume wetu chai, leo zamu yako. Mimi nimeshamchoka."

Mtaani walimwita Mzee Bama. Ujana wake aliuacha Bama, yaani Burma, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani, yeye na vijana wengine wa Keya, lile jeshi la Waafrika lililokuwa chini ya maafisa wa kizungu. Mapigano yenyewe hakupenda kuyasimulia. Ukimbana sana alitaja mvua, ruba na matope, kisha anakutuma dukani. Alichopenda kusimulia ni jinsi vita vilivyokwisha, na hicho alikisimulia mpaka tukakijua kwa moyo.

"Tulikuwa tumetolewa msituni, tumerudishwa India," alikuwa akianza. "Tunapumzishwa, tunafunzwa upya, ili tupelekwe tena. Na safari hii kila mtu anajua harudi. Mimi nilishamwagiza rafiki yangu mmoja wa Tanga, akipona yeye, apite kwetu awaambie wazee wasiningoje. Siku hiyo afisa akatukusanya uwanjani, akasema vita imekwisha. Hivi hivi! Imekwisha vipi, na jana tulikuwa tunasafisha bunduki? Akasema kuna wasomi walijifungia jangwani kwa siri, wakatengeneza kitu kwa elimu yao tu. Kimeangushwa kwenye kambi ya jeshi ya Wajapani, na mfalme wao ameinua mikono."

Yule rafiki yake wa Tanga akasema pale pale kwamba hilo si bomu, hiyo ni halbadiri ya wazungu. Askari wote wa pwani wakaafikiana naye.

Ninyi mliolelewa pwani hamna haja ya kuelezwa halbadiri. Kwa wengine, ni kisomo. Mtu akidhulumiwa na asimjue mbaya wake, anawaita wasomaji, wanawataja kwa majina wale watu wa vita vya Badri, na mwenye kosa anafikiwa popote alipojificha. Nilipokuwa mdogo fundi nguo mmoja, mpangaji wetu, aliibiwa cherehani. Akatangaza msikitini kwamba anasoma halbadiri. Kabla hata ubani haujanunuliwa, asubuhi cherehani ikakutwa barazani, imefunikwa gunia kwa heshima zote. Mimi nilikuwa sijalala kwa hofu, kwa sababu niliwahi kuichezea gurudumu lake bila ruhusa. Bibi alinicheka.

"Lala, mke mwenzangu," akasema. "Halbadiri haimpati asiye na kosa. Ile ina macho."

Kwa hiyo nilijua bomu lile lilifanya nini. Wazee wa kizungu wenye ndevu walikaa mkekani huko jangwani, na jangwa kwangu lilikuwa Jangwani yetu hapa bondeni, tunapopita kwenda Magomeni. Wakasoma mpaka asubuhi. Kisomo kikavuka bahari, kikaingia Japani mlango kwa mlango, kikawaokota majenerali mmoja mmoja vitandani mwao, na wake zao na watoto wao wakaendelea kunywa chai. Sikuwaonea huruma hao majenerali. Walikuwa na makosa, na walitaka kumuua babu yangu. Sasa nikiwa mkubwa naamini hata Babu mwenyewe aliliona hivyo hivyo, au alikuwa ameamua kuliona hivyo, maana mtu aliyeponea chupuchupu haulizi sana alivyopona.

Ndiyo maana kila mwaka, mwezi wa nane, Babu alitoa sadaka. Wengine walitoa kwa ajili ya wafu wao, yeye alitoa ya vita kwisha. Alinunua mbuzi na mchele mzuri, viungo akatoa mezani kwake, akapika pilau mwenyewe uani akiwa kifua wazi, anamfukuza Bibi kila akisogea. Waalikwa walikuwa watoto wa mtaa. Watu wazima walikula baadaye, kitakachobaki. Mtu mzima mmoja tu ndiye aliyepata chakula chake mapema, Mwalimu Hansa, mama wa Kihindi aliyeishi ghorofa ya juu ya duka la vitambaa upande wa pili wa barabara na kufundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari. Alikuwa Mhindu, nyama haigusi. Babu alimpikia sufuria ndogo ya wali wa njegere na viazi, mwiko wake mbali, mfuniko wake mbali, na mimi ndiye niliyepanda nayo ngazi.

Mwaka ninaousema, wiki chache kabla ya sadaka, Mwalimu Hansa alivuka barabara akiwa na gazeti mkononi. Alikuta Babu anachambua iliki barazani.

"Mzee, shikamoo. Kuna maonyesho ya picha mjini," akasema. "Wameleta Wajapani wenyewe. Mambo ya kwisha kwa vita na lile bomu. Nikasema nikwambie, maana wewe ulikuwepo."

Babu aliacha iliki. "Wajapani wenyewe?"

"Wenyewe, Mzee."

"Unaona, Mama Zuhura?" akamwita Bibi. "Si nilikwambia? Mwenye kosa akishaondolewa, hata watu wake wanashukuru!"

Mwalimu Hansa alimtazama kidogo, kisha akatabasamu kwa adabu. Alidhani ni utani wa wazee. Yeye aliamini kwamba askari aliyekuwa Bama hawezi kuwa hajui, na Babu aliamini kwamba mwalimu wa fizikia amemletea mwaliko wa sherehe. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Jumamosi tukaenda, sisi watatu, kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Babu alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, koti jeusi juu yake, na kifuani medali zake alizozisugua kwa majivu. Mfukoni alikuwa na kifurushi cha iliki, ile kubwa ya kijani aliyokuwa haiuzi kwa mtu yeyote. Nilimuuliza ya nani. Akasema huwezi kwenda kwenye shughuli ya watu mikono mitupu.

Mlangoni alisimama msichana wa Kijapani, mdogo tu, nguo yake ya kawaida kama za watu wote. Aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, babu," Kiswahili safi. Babu akafurahi karibu acheze.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Mimi nilikuwa Bama. Vita ilipokwisha nikarudi kwetu, nikaoa, nikazaa, huyu ni mjukuu wangu. Nimekuja kusema ahsante." Akamkabidhi iliki kwa mikono miwili.

Msichana aliipokea kwa mikono miwili vilevile. Aliziangalia zile medali, akamwangalia Babu usoni, akainama tena, chini kabisa, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa. Babu akanibonyeza bega kwamba naona mambo hayo.

Tukaingia. Picha za kwanza zilikuwa za mji usio na nyumba, tambarare mpaka mwisho wa macho, na hapa na pale mti mmoja uliochomeka kama kijiti. Nilidhani ni mafuriko yamepita. Babu alitembea mikono nyuma, akitafuta kambi ya jeshi. Alisimama mbele ya picha ya mwanamke aliyegeuza mgongo, maua ya nguo yake yamebaki kwenye ngozi na nguo haipo. Akasogea. Akasimama mbele ya picha nyingine, akanishika mkono kwa nguvu, akasogea tena haraka. Hakuna picha hata moja iliyokuwa na jenerali.

Ndipo tukafika kwenye picha ya bati la chakula. Ni picha tu ya kibati chenye mfuniko, kama kile alichokwenda nacho Mwalimu Hansa kazini, kimekunjamana, na ndani kitu cheusi punje punje. Baada ya mambo mengi nisiyoyaelewa, nikaona kitu ninachokijua.

"Babu," nikasema, "ukoko!"

Babu akamuuliza Mwalimu Hansa pale chini pameandikwa nini. Mwalimu alisoma kwanza kimya kimya, na ninakumbuka alivyoweka kiganja mdomoni.

"Ni chakula cha mtoto wa shule, Mzee. Mama yake alimfungia asubuhi. Hakuwahi kukila."

Babu alivua kofia yake. Sijui kwa nini aliivua, si desturi yetu, nadhani jeshini walifundishwa hivyo. Tulipotoka, yule msichana wa mlangoni alikuwa bado ana kile kifurushi, amekibana kifuani, akainama tena na kusema ahsante sana, babu. Babu alipita bila kumtazama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akimpita mtu bila kumuaga.

Hatukufika nyumbani moja kwa moja. Pale kwenye bustani ya Mnazi Mmoja Babu alikaa chini, kanzu na koti na yote, kwenye nyasi. Mwalimu Hansa akaketi karibu yake, sari yake ikagusa vumbi.

"Mwalimu," Babu akasema, "wewe ndiyo elimu yako. Niambie. Wale wasomi wa jangwani walifanya nini?"

Alimweleza taratibu, kama anavyoeleza darasani. Kwamba mwanzo wake ulikuwa woga. Kwamba huko Ujerumani wasomi waligundua kwamba kiini cha kitu kidogo kuliko vumbi kinaweza kupasuliwa, na kwamba kikipasuliwa kinatoa nguvu kubwa. Wasomi wengine walikuwa wamekimbia Ujerumani na nchi za jirani kuokoa maisha yao, na walipofika Uingereza na Marekani waliogopa kwamba wenzao waliobaki wangewatengenezea Wajerumani bomu. Wakasema tuwatangulie. Mji mzima ukajengwa jangwani, kwenye ramani haumo, wake zao wenyewe hawakuambiwa kinachofanyika. Mawe ya kutengenezea bomu lenyewe, mengi yalitoka Kongo, hapa ng'ambo ya ziwa letu, yakachimbwa na watu weusi ambao hakuna aliyewaambia ni ya nini.

"Halafu Wajerumani wakashindwa," akasema.

"Nakumbuka. Tulipewa sigara siku hiyo."

"Kazi haikusimama, Mzee. Mmoja alishaaga mapema akaondoka, alipoona Wajerumani hawana bomu. Wengine waliandika kuomba lisirushwe juu ya watu. Hawakusikilizwa."

"Kwa hiyo walijua kuna watoto?"

Mwalimu Hansa aling'oa majani mawili matatu. "Ulikuwa mji, Mzee. Kuna mji usio na watoto?"

Babu akauliza lile lililokuwa linamtafuna tangu kule kwenye picha. "Na bila hilo, mimi ningerudi?"

"Wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema vita ingekwisha tu. Wapo wanaosema mngekufa wengi sana. Mimi sijui. Ningekuwa najua ningekwambia."

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nikamuuliza Mwalimu kwa nini kile kisomo hakikuwatafuta wenye makosa. Hakunielewa, akamtazama Babu. Babu ndiye aliyenijibu.

"Halikuwa kisomo, mke wangu. Lile halina macho."

Tangu siku hiyo Babu akawa haendi sokoni ila kwa kusukumwa. Wali ukija mezani anaomba muhogo. Bibi kwanza alidhani ni malaria, akamchemshia mwarobaini. Alipoambiwa habari yenyewe alikasirika, kama wanawake wenye mapenzi wanavyokasirika.

"Kwani wewe ndiye uliyelitupa? Wewe ulikuwa India unasafisha bunduki!"

"Sikulitupa. Lakini nimelila pilau miaka yote."

"Ungekufa wewe, mama yake huyu mtoto ningemzaa na nani?"

Hakuna aliyejua kama nasikia. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Sijui kama mtoto yeyote anapaswa kusikia kwamba yeye mwenyewe amo ndani ya hesabu hiyo. Nilienda kukaa chini ya ngazi kwa Mwalimu Hansa, nikajiangalia mikono na miguu, nikijaribu kuona kama kuna sehemu iliyo ya mtu mwingine. Hisia hiyo haijaniacha. Siku za furaha yangu kubwa, harusi yangu, wanangu kuzaliwa, imekuja na kukaa kidogo pembeni, kisha ikaondoka.

Siku za sadaka zilipokaribia, Babu alimwita Maalim wetu wa chuo cha Kurani, mtu mpole, umri wake mdogo kuliko wa Babu. Walikaa barazani. Babu akamwomba asome hitima, kuwaombea rehema watoto wa Japani.

"Mzee wangu," Maalim akasema, sauti chini, "hitima tunawasomea Waislamu wenzetu. Hilo siwezi. Lakini kulisha watoto, nani atakukataza? Sadaka haiharibiki. Wewe badili nia tu."

"Nibadili niweke ipi, Maalim?"

Maalim alizungusha tasbihi yake, punje moja moja. Babu akaendelea:

"Nikinuia shukrani, nashukuru kwamba waliungua wao. Nikinuia majuto, namkufuru aliyenirudisha kwetu. Huyu mtoto nitamtazamaje? Niambie nia ya katikati. Mimi sina kisomo, wewe unacho."

Hakuna amali bila nia. Tulifundishwa hivyo sote tukiwa wadogo, hata udhu unaunuia. Maalim alikaa mpaka adhana ya magharibi, akaondoka bila kumpa jibu, na kuanzia siku hiyo akawa akipita kwetu anasalimia kwa heshima iliyozidi. Namheshimu kwa kutokumdanganya.

Babu alisema mwaka huo hapiki. Bibi alishanunua mbuzi. "Watoto wa watu wanajua siku yao," akasema, "utawaambia nini, kwamba Wajapani wamekataa?" Basi akapika. Ilikuwa sadaka yake ya mwisho, kwa maana kabla mwaka haujazunguka tulimzika Kisutu. Alipika bila kumfukuza mtu. Bibi alisogea, akakoleza moto, akaonja chumvi, na Babu akamwachia. Sufuria ya Mwalimu Hansa ilipikwa pembeni kama kawaida, lakini safari hii Mwalimu alishuka mwenyewe, akasimama mlango wa uani, mikono ameifumbata.

Tulikaa chini kuzunguka masinia, tumeshanawa, tunanusa. Kila mwaka Babu aliomba dua ndefu kabla hatujagusa chakula, anashukuru kwa vita kwisha, kwa meli iliyomleta, kwa mke, kwa watoto, mpaka wenye njaa wanaanza kudokoa nyama kwa chini. Akasimama katikati yetu. Akainua mikono, na sisi tukainua yetu. Tukangoja. Niliona midomo yake inajaribu, inafunguka na kufunga, na hakuna kilichotoka. Mvuke ulikuwa unapanda kwenye masinia. Pembeni yangu mtoto mdogo wa mpangaji, Sudi, ambaye njaa ilikuwa imemshinda, akapaza sauti:

"Amiin!"

Tukadhani dua imekwisha. "Amiin!" tukaitikia wote, tukajipangusa nyuso, tukatia mikono kwenye pilau. Tulikula kama watoto wanavyokula, kwa kelele na kugombania mapaja. Nilipoinua kichwa Babu alikuwa bado amesimama pale pale, viganja amevikinga juu, anatutazama tunavyotafuna, na machozi yanamshuka hadi kwenye ndevu. Bibi alimwendea, akamshika kiwiko ili amshushe mikono.

"Niache kwanza," Babu akasema. "Bado sijasema kitu."